Muvi mpya au ya zamani: ya kukatia tiketi na ya kubaki nayo sebuleni

Wapenda muvi wa Dar wana ugomvi mmoja usioisha, uwe kijiweni Sinza, uwe kwenye Mwendokasi, uwe msibani usiku watu wakitafuta stori ya kukeshea. Upande mmoja unasema: "Siku hizi hakuna muvi, ni kompyuta tupu." Upande wa pili unajibu: "Za zamani zinachosha, mtu akinyanyuka kitini mpaka afike mlangoni wewe umeshalala." Wakimaliza kubishana, kila mmoja anarudi nyumbani kutazama zilezile alizozizoea.

Mimi mwaka wa muvi nauuliza mwishoni. Kwanza naangalia utaitazamia wapi, na nani atakuwa amekaa pembeni yako. Muvi kubwa nyingi za miaka hii zimetengenezewa ukumbi wenye giza na spika zinazotikisa kiti. Ukiileta kwenye runinga ya inchi 32, feni inalia, jirani kawasha singeli na mtoto anaulizia rimoti, unabaki na nusu yake. Muvi inayobebwa na sura za watu na maneno yao inahimili mazingira hayo, na nyingi za zamani ziko hivyo. Siyo zote. Lawrence of Arabia ya 1962 ni jangwa tupu kwa saa tatu na zaidi, na kwenye simu yule mtu juu ya ngamia utadhani ni vumbi limeganda kwenye kioo.

Basi nimezipanga kwa jozi, moja ya zamani na moja ya karibuni zinazofanana kwa jambo fulani. Za kusuasua nimezipitia haraka.

Ubishi ndani ya chumba: 12 Angry Men (1957) na Juror #2 (2024)

Ukimtajia kijana 12 Angry Men anakataa kabla hujamaliza. Nyeusi na nyeupe, chumba kimoja, wanaume wenye mashati wanabishana. Ni kweli, ndivyo ilivyo. Sidney Lumet ndiye mwongozaji, Henry Fonda ndiye steringi, na karibu dakika zote 96 zinaishia ndani ya chumba cha juri, yaani raia wa kawaida wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia. Kijana kashtakiwa kumuua baba yake kwa kisu. Wajumbe kumi na mmoja wanasema ana hatia, mmoja anasema tuzungumze kwanza.

Joto la chumba kile mtu wa Dar analijua. Ni siku ya jua kali New York, madirisha yanafunguliwa kwa kusukumana nayo, mashati yameloa, na feni ya ukutani haizunguki. Mmoja anaihangaikia, anaiacha. Baadaye mvua inashuka, chumba kinakuwa giza, mtu anawasha taa, na feni inaanza kuzunguka. Kumbe ilikuwa kwenye swichi moja na taa. Hakuna anayelipigia kelele jambo hilo, lakini hewa ya mazungumzo inabadilika. Kamera nayo ina kazi yake ya kimyakimya. Mwanzoni inawatazama kwa juu kidogo, kadiri ubishi unavyokolea inashuka mpaka chini ya usawa wa macho, na lenzi zinabadilishwa kuwa ndefu zaidi, hadi unaona dari na kuta kama zimewasogelea. Huna haja ya kujua habari za lenzi. Utajikuta tu umebanwa.

Juror #2 ni ya Clint Eastwood, aliyeitoa akiwa na miaka 94. Nicholas Hoult ni mjumbe wa juri katika kesi ya mtu anayedaiwa kumuua mpenzi wake, halafu kesi ikiwa mwanzoni kabisa anaanza kuhisi kwamba aliyemgonga yule dada usiku ule wa mvua anaweza kuwa yeye mwenyewe, na gari lake. Siharibu chochote kwa kusema hivyo, hata trela inalisema. Kuanzia hapo yule mwenye mashaka chumbani ana siri, na kila hoja anayoitoa kumtetea mshtakiwa inamsogeza yeye karibu na pingu.

Huku kwetu hatuna juri. Tuliowazoea ni wazee wa baraza waliokuwa wakikaa na jaji Mahakama Kuu, kwa hiyo mtazamaji anaweza kushangaa raia wa kawaida kupewa mamlaka yote yale. Mshangao huo unasaidia, maana unazitazama zote mbili ukiwa mgeni wa chumba kile.

Ukiwa na watu wabishi, wale wasioweza kukaa dakika tano bila kusema "mimi ningekuwa pale...", weka 12 Angry Men na uwaache waseme. Muvi inahimili kelele kwa sababu hoja zinarudiwa na kupimwa mpaka zieleweke. Ila washa maandishi ya chini, wanaongea kwa kudakiana. Juror #2 ni ya watu wawili usiku, simu zikiwa mbali, kwa kuwa ukikosa jicho moja la Hoult umekosa kilichomo moyoni mwake. Mimi naiona ya 1957 kuwa bora, na ya 2024 kuwa yenye kumsumbua mtu zaidi kesho yake asubuhi. Zote ni za sebuleni. Hii ya Eastwood ni mpya na haidai ukumbi hata kidogo, hivyo anayesema muvi mpya ni kompyuta tupu aanzie hapo.

Ndege na mchanga: hapa ya zamani inapigwa

Top Gun ya 1986 ina nyimbo, miwani ya jua na Tom Cruise akiwa kijana. Hadithi yenyewe ni nyepesi, na mapambano ya angani mara nyingi huelewi nani yuko nyuma ya nani. Top Gun: Maverick ya 2022 ilifunga kamera ndani ya ndege za kivita zenyewe, waigizaji wakiwa wamekaa kiti cha nyuma, rubani wa jeshi mbele. Ndiyo maana mashavu yao yanavutwa chini kweli ndege ikipinda. Kisha wanakuchorea misheni mapema, bonde hili, daraja lile, sekunde ngapi, na siku ya tukio wewe mwenyewe unajua wanachelewa wapi. Muvi hii ilicheleweshwa tangu 2020 kwa sababu ya korona, Cruise na wenzake wakikataa kuipeleka moja kwa moja mtandaoni, na ukiisikia kwa spika nzuri unaelewa kwa nini walisubiri. Ilipata Oscar ya sauti. Kama uliikosa Mlimani City ndiyo imekupita, lakini usiitazame kwa spika ya simu. Vaa hedifoni. Ya 1986 waachie wenye kumbukumbu nayo.

Dune nayo hivyohivyo. David Lynch mwaka 1984 alilisukuma riwaya lote kubwa ndani ya saa mbili na dakika kumi na kitu, ikabidi wahusika wawe wananong'ona mawazo yao ili tuelewe. Denis Villeneuve aliligawa: sehemu ya kwanza 2021, iliyochukua Oscar sita, ya pili 2024. Kuna watu wanaipenda ya Lynch kwa ajili ya vituko vyake, na mimi siwakatazi, ila mgeni asianze nayo. Za Villeneuve kwenye runinga ndogo zinaonekana za taratibu mno, kwa sababu uzito wake ni ukubwa wa vitu na mtetemo wa sauti. Sehemu ya tatu ikija ukumbini, hiyo ndiyo ya kukatia tiketi hata kwa foleni ya Mwenge.

Kihindi: Sholay (1975) na RRR (2022)

Hapa ndipo patamu. Wazee waliokulia enzi za Avalon, Empire na Empress, au waliokuwa wakiingia na gari Drive-In ya Msasani, pale ulipo ubalozi wa Marekani sasa, watakwambia muvi ya Kihindi haitazamwi kwenye runinga. Inatazamwa ukumbini, na watu wanaoimba. Hawakuwa na maandishi ya Kiswahili wala hawakuyahitaji. Walilia panapostahili na kucheka panapostahili.

Sholay ya Ramesh Sippy ina wahuni wawili, Jai na Veeru, Amitabh Bachchan na Dharmendra, wanaoajiriwa na mzee aliyekuwa polisi ili wamkamate jambazi Gabbar Singh akiwa hai. Ilipigwa kwenye majabali ya Ramanagara karibu na Bangalore, na ilitolewa kwa nakala za milimita 70 na sauti ya stereo, jambo geni India wakati ule. Kwa hiyo nayo ilikuwa muvi ya ukumbi, tena kubwa. Lakini ukiileta sebuleni haifi. Kwa nini?

Chukua tukio la familia ya yule mzee. Nyumba imetulia, upepo, bembea inalia kwiii, kwiii. Risasi zinaanza, na kila anayeanguka picha yake inaganda. Gabbar anafika kwa farasi, taratibu, anabaki na mtoto mmoja mbele yake. Bunduki inainuliwa, na mlio unaousikia unaungana na king'ora cha treni inayomleta baba nyumbani. Hujaonyeshwa mtoto akianguka. Hilo halihitaji skrini ya mita kumi, linahitaji masikio na kimya cha sekunde chache, na hata nyumba yenye watoto sita huwa inakipata kimya hicho likifika lile tukio. Halafu baadaye Veeru amelewa juu ya tangi la maji anatishia kujirusha kwa sababu ya mapenzi, na nyumba hiyohiyo inacheka. Amjad Khan kama Gabbar alipendwa kiasi kwamba maneno ya muvi yaliuzwa kwenye santuri, watu wakinunua mazungumzo kama wanavyonunua nyimbo.

Jambo moja la kujua kabla ya kuchagua nakala. Sippy alimaliza muvi kwa yule mzee kumuua Gabbar kwa miguu yake. India ilikuwa chini ya hali ya hatari mwaka ule wa 1975, na bodi ya ukaguzi ikakataa raia kujichukulia sheria mkononi, hivyo polisi wakaingizwa mwishoni kumwokoa jambazi na kumpeleka mbele ya sheria. Nakala iliyosafishwa yenye mwisho wa awali ilioneshwa Bologna, Italia, mwaka 2025. Ukikutana nayo, chukua hiyo. Mwisho wa polisi siku zote umekaa kama mgeni aliyeingia bila hodi.

RRR ya S. S. Rajamouli ni mnyama mwingine. Asili yake ni Kitelugu, ingawa wengi tuliipata kwa sauti za Kihindi. Imewachukua wapigania uhuru wawili waliokuwapo kweli, Alluri Sitarama Raju na Komaram Bheem, watu ambao historia haisemi waliwahi kukutana, ikawafanya marafiki wa kufa na kuzikana wakati wa Mwingereza. Kila kitu kinazidishwa. Mtu anapambana na umati mzima peke yake, lori linafunguliwa katikati ya sherehe ya gavana na wanatoka chui na wenzake, daraja linawaka moto na wawili hao wanaokoa mtoto wakiwa wamening'inia kila mmoja upande wake wa kamba. Wimbo wa Naatu Naatu ulipigwa mbele ya ikulu ya Mariinskyi mjini Kyiv mwaka 2021, miezi michache kabla ya vita, na mwaka 2023 ukachukua Oscar ya wimbo bora. Watazame wachezaji miguuni: vumbi linapanda kwa pamoja, ukanda wa suruali unavutwa kwa pamoja, na ndani ya dansi kuna mashindano yenye maana yake kwenye urafiki wao.

Nani achukue ipi? Vijana wa mtaani, binamu waliokuja likizo, watu waliozoea mapigano ya kasi, wape RRR na uongeze sauti. Ukiwa na baba au mama, au mjomba mwenye kumbukumbu za Odeon, Sholay, siku ya Jumapili baada ya chakula cha mchana, na uikate mahali pa mapumziko watu wakanywe chai, maana ni zaidi ya saa tatu. Hata RRR inazidi saa tatu. Hapo bando nalo lina sauti yake: kwa ubora uleule wa picha, muvi ya saa tatu inakula mara mbili ya ile ya saa moja na nusu, kwa hiyo shusha usiku kama una kifurushi cha usiku.

Nikilazimishwa kuchagua moja, Sholay. RRR inanifurahisha nikiwa na watu, nikiwa peke yangu naona gundi za kompyuta kwenye wale wanyama. Sholay haijawahi kunidai watu.

Ya watoto, kwa kifupi

The Lion King, weka ya 1994. Ina dakika 88, ile ya 2019 ina karibu saa mbili kwa hadithi ileile. Tena mtoto wa miaka mitano anasoma sura. Simba wa kuchorwa analia, nyusi zinapanda, midomo inatetemeka. Simba wa 2019 anafanana na wa Serengeti mpaka manyoya, na kwa sababu hiyohiyo uso wake haumwambii mtoto kitu. Hata sauti ya James Earl Jones kama Mufasa, ambayo ni yeye mwenyewe kote kuwili, inasikika vizuri zaidi ikitoka kwenye mchoro. Wakubwa wanaopenda wanyama waende na ya 2019.

Mapigano: Enter the Dragon (1973) na John Wick: Chapter 4 (2023)

Wengi wetu shule yetu ya muvi ni kibanda umiza: mabenchi, runinga moja imening'inizwa, pazia zito mlangoni, na sauti ya msimulizi imepanda juu ya sauti ya muvi. Lufufu na DJ Mark hawakuishia kutafsiri, walikuwa wanaongeza chumvi, na mtu akitoka pale anasimulia maneno ambayo mwandishi wa muvi hakuyaota. Kwa muvi za mapigano sioni ubaya. Kwa 12 Angry Men msimulizi angeua kila kitu.

Bruce Lee alifariki Hong Kong tarehe 20 Julai 1973 akiwa na miaka 32, na Enter the Dragon ikaingia kumbi za Marekani mwezi uliofuata. Hakuiona ikipokelewa. Hadithi yake ni kisingizio: kisiwa, mashindano, tajiri muuza dawa. Kinachokubakisha ni mwili wa mtu mmoja unaoonekana wote, kuanzia kichwa hadi mguu, kamera imetulia. Anapigana na kundi la walinzi chini ya ardhi kwa fimbo, halafu kwa nunchaku, na mmoja wa wale wanaovunjwa shingo ni Jackie Chan kabla hajawa na jina. Jim Kelly naye, Mmarekani mweusi mwenye afro na majibu ya dharau, alikuwa na mashabiki wake Uswahilini. Mwishoni, mle chumba cha vioo, mapigano yanakuwa ya polepole kabisa, na ndiyo yanayokumbukwa.

John Wick ya nne inaongozwa na Chad Stahelski, aliyekuwa akimwigizia Keanu Reeves matukio ya hatari kwenye The Matrix. Anajua kuanguka kunavyouma. Naye hapendi kukatakata picha: kuna chumba huko Paris ambapo kamera inapanda darini na kuwatazama watu kwa juu kama vijisanamu, bunduki inatema moto, na picha haikatwi. Kuna ngazi 222 za kwenda kanisa la Sacré-Cœur, Wick anapanda akipigana, anafika karibu na juu, anasukumwa, anabiringika mpaka chini. Ukumbini Dar watu walicheka kwa huruma. Donnie Yen kama muuaji kipofu karibu anamwibia steringi muvi yake.

Ila ina saa mbili na dakika 49, na katikati kuna maongezi ya wazee wenye suti ambayo mimi nayaruka. Enter the Dragon imekwisha kwa saa moja na dakika arobaini. Ukiwa na mtu asiyefuata Kiingereza, Bruce Lee hana shida kabisa, na ukiipata yenye sauti ya msimulizi ndiyo raha zaidi. Ukiwa na runinga kubwa na Jumamosi nzima, Wick. Ukitazama kwenye simu, usimguse Wick, ni giza na taa za rangi tu, utakuwa unajiona uso wako.

Usiku wa kutisha: Night of the Living Dead (1968) na Sinners (2025)

Hizi mbili zina mfupa mmoja: watu wamejifungia ndani usiku mmoja, nje kuna wanaotaka kuingia. Ya George Romero ilipigwa kwa pesa za kuungaunga Pennsylvania, nyeusi na nyeupe, na steringi wake ni Duane Jones, mtu mweusi anayetoa amri kwa Wazungu waliojificha naye, mwaka 1968, bila muvi kulisemea jambo hilo hata sentensi moja. Walipobadilisha jina la muvi, tangazo la hakimiliki liliachwa nje ya nakala, ndiyo maana leo ni mali ya umma na unaipata mtandaoni bila malipo na bila kuiba kwa mtu. Dakika 96. Rangi yake iliyochakaa inasaidia. Umeme ukiyumba kidogo unadhani ni sehemu ya muvi.

Sinners ya Ryan Coogler iko Mississippi mwaka 1932. Michael B. Jordan anaigiza mapacha wawili waliorudi kutoka Chicago na pesa zenye maswali, wananunua kinu cha mbao wakifanye ukumbi wa muziki, na usiku wa kufungua wanafika wageni wanaoomba kukaribishwa ndani. Kuna dakika chache pale kijana anapoimba na muziki unawaita waliokwisha kufa na ambao hawajazaliwa: ngoma za Afrika, gitaa la umeme, mpiga santuri wa kisasa, wote wanapita katikati ya wachezaji huku kamera ikizunguka. Imepigwa kwa filamu kubwa ya IMAX, na picha inapanuka kwenye sehemu kama zile. Ukumbini ilikuwa ni kama kusimama katikati ya mdundiko. Nyumbani nimeirudia, ni nzuri, lakini ile sehemu imepungua.

Kwa hiyo leo usiku, nyumbani, taa zimezimwa, chukua ya 1968. Nawaonya mapema kuhusu mwisho wake, hauna huruma. Sinners subiri runinga ya shemeji mwenye spika.

Na kama hutaki mizimu wala wafu, Get Out ya 2017 iko katikati ya hizi mbili, na kwa sisi ina zawadi ambayo watazamaji wa Marekani hawakuipata. Wimbo wa mwanzo, Sikiliza Kwa Wahenga, umeimbwa kwa Kiswahili, na unamwonya steringi akimbie. Wao walisikia sauti za kutisha, sisi tunasikia maneno. Masikio yawe wazi, matamshi si ya Kariakoo.

Bongo: muvi za Kanumba na Vuta N'kuvute (2021)

Najua kuna watakaosema hapa hakuna ulinganisho. Upo. Steven Kanumba, aliyefariki Aprili 2012 na kuagwa Leaders Club na umati ambao Kinondoni haijausahau, aliacha muvi kama Dar 2 Lagos ya 2006, aliyoifanya na Wanaijeria. Muvi za enzi ile zilipigwa haraka, nyumba za kuazima, upepo unaingia kwenye maikrofoni, na ziliuzwa sehemu ya kwanza na ya pili ili ununue kava mbili. Mhusika anaendesha gari dakika tatu nzima huku muziki unapiga. Kasoro zote hizo nazikubali. Lakini washa moja mama akiwa jikoni anachambua mchele, utaona anasogea mpaka kwenye kochi, anamshauri mke anayeibiwa mume, anamtukana mama mkwe. Kiswahili ni cha nyumbani kwake, na muvi inamwachia nafasi ya kusema.

Vuta N'kuvute ya Amil Shivji imetoka kwenye riwaya ya Adam Shafi ya 1999, ile ambayo wengi tuliisoma kidato cha tano na sita tukiwa tunaisakia maudhui ya mtihani. Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa kwa mzee, anatoroka, anapokewa na Mwajuma, anakutana na Denge anayepambana na Mwingereza. Muvi imeacha sehemu kubwa ya riwaya na kubaki na vyumba, kuta zenye rangi zilizobanduka, taarabu na watu wawili wanaotazamana. Ilianza Toronto mwaka 2021, kisha Tanzania ikaipeleka kugombea Oscar, ya pili tu baada ya Maangamizi iliyopelekwa 2001. Wanaolalamika kwamba inakwenda polepole wanasema kweli. Anayeitazama akisubiri Denge aeleze mpango wake kama kitabuni atachoka, kwa sababu mambo mengi yanaachwa machoni na kwenye nyimbo.

Ukiwa na familia na unataka sebule ichangamke, Kanumba. Ukiwa mwalimu, au ulisoma riwaya na una hasira nayo bado, Vuta N'kuvute, na usiichanganye na kupiga pasi. Anayetaka kitu cha katikati ajaribu Binti ya Seko Shamte, nayo ya 2021, wanawake wanne wa Dar na mambo yao ya pesa, ndoa na uzazi. Iliingia Netflix mwaka 2022, inazungumza kama tunavyozungumza, na sauti yake imerekodiwa vizuri.

Vuta N'kuvute kwenye kompyuta mpakato niliiona ya kawaida. Ile taarabu inataka spika za ukumbi na watu waliokaa kimya, kwa hiyo ukisikia inaoneshwa Nafasi Art Space pale Mikocheni, au Ngome Kongwe Zanzibar wakati wa tamasha la filamu la ZIFF, panda bajaji au panda boti.